Sauti ya projekta kwenye amplifaya na spika za nje: ipitishwe wapi?

Projekta hutengenezwa kwa ajili ya picha, na spika iliyofichwa ndani yake huwekwa zaidi ili mtumiaji asikose kabisa cha kusikia. Kwa kawaida spika hiyo huwa na uwezo wa wati chache tu, na kasha lenyewe ni dogo kiasi kwamba besi haina nafasi ya kujengeka. Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa mahali. Projekta ikiwa imefungwa darini au imewekwa kwenye rafu nyuma ya watazamaji, mwigizaji huonekana akinena ukutani mbele yao huku sauti yake ikitoka kisogoni, na kasoro hiyo haiondoki kwa kupandisha sauti. Amplifaya ya kawaida yenye spika mbili zilizosimamishwa kulia na kushoto kwa skrini, hata ikiwa ya miaka mingi, huiondoa mara moja.

Wengi wanaoanza kazi hii huzunguka nyuma ya projekta kutafuta tundu la sauti, kisha hununua waya unaoingia kwenye tundu walilolikuta. Naona huko ni kuanzia mwishoni. Swali la kwanza ni hili: filamu au matangazo yanachezwa na kifaa gani? Kama ni king'amuzi, deki, kompyuta au kifaa cha michezo, sauti imezaliwa humo, na projekta haina sababu ya lazima ya kuipokea. Kama ni programu zilizomo ndani ya projekta yenyewe, basi sauti haina mlango mwingine wa kutokea ila huohuo wa projekta. Ulinganisho wote unaofuata unategemea jibu la swali hilo.

Kupitia projekta au kuikwepa

Katika njia ya kwanza, chanzo hupeleka picha na sauti pamoja hadi kwenye projekta kwa kebo ya HDMI, kisha sauti hutolewa humo na kurudishwa kwenye amplifaya. Katika njia ya pili, sauti huingia kwenye amplifaya moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, na projekta hupata picha tu. Njia ya pili ina sura mbili. Mwenye risiva ya AV, yaani amplifaya yenye matundu ya HDMI, huunganisha vyanzo vyote kwenye risiva, na kebo moja ya HDMI hutoka humo kwenda kwenye projekta. Mwenye amplifaya ya kawaida ya stereo hutoa nyaya mbili kwenye chanzo kilekile: HDMI kwa ajili ya picha, na waya wa sauti kwa ajili ya amplifaya.

Kwa upande wa nyaya, njia ya kwanza hugharimu safari mbili, kwa sababu spika na amplifaya hukaa mbele karibu na skrini ilhali projekta iko nyuma au juu. Sauti hupelekwa hadi mwisho wa chumba kisha hurudishwa ilikotoka. Kwa upande wa ubora, projekta nyingi hupunguza sauti ya chaneli sita kuwa mbili kabla ya kuitoa, kwa hiyo mwenye spika tano na sabufa atakuwa amezinunua bure. Njia ya kwanza ina faida yake pia, nayo si ndogo: vyanzo vinapokuwa viwili au vitatu na amplifaya ina nafasi moja tu ya kuingizia sauti, projekta huwa ndiyo swichi, na kila unachokichagua kwenye skrini husikika bila kugusa kitu kingine.

Hata hivyo, jambo linalowashangaza watu baada ya kumaliza kuunganisha huwa ni midomo.

Sauti inapoitangulia picha

Projekta haionyeshi picha papo hapo inapoipokea. Huibadilisha ukubwa, hurekebisha umbo lake iwapo imeelekezwa kwa mshazari, hulainisha mwendo, na kila hatua hula muda. Ucheleweshaji huo unaweza kuwa milisekunde 20 hivi katika hali ya michezo na ukazidi 100 katika hali ya sinema pale marekebisho yote yanapowashwa. Filamu inayokwenda kwa fremu 24 kwa sekunde hutumia milisekunde 42 hivi kwa kila fremu, kwa hiyo ucheleweshaji wa 100 ni fremu mbili na zaidi. Sauti iliyokwenda moja kwa moja kwenye amplifaya haikungoja lolote kati ya hayo; itafika masikioni kabla midomo haijafumbuka.

Masikio yetu ni mepesi kugundua kasoro ya aina hiyo kuliko kinyume chake. Pendekezo BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, la mwaka 1998, linaonyesha kwamba mtazamaji huanza kutambua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, ilhali sauti iliyochelewa haitambuliki mpaka ifikie 125 hivi. Mipaka ya uvumilivu imewekwa kwenye 90 kwa sauti iliyotangulia na 185 kwa sauti iliyochelewa. Tofauti hii inaeleweka ukikumbuka kwamba duniani sauti siku zote hufika nyuma ya mwanga. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo fundi anayegonga msumari mita 10 kutoka ulipo husikika milisekunde 30 baada ya nyundo kuonekana ikitua. Ubongo umezoea kuchelewa huko tangu utotoni, lakini haujawahi kukutana na mlio unaosikika kabla ya pigo.

Kwa hiyo njia ya pili inahitaji kifaa chenye uwezo wa kuichelewesha sauti. Risiva za AV karibu zote zina mpangilio huo, na hesabu yake huwekwa kwa milisekunde. Kompyuta pia inao ndani ya programu za kuchezea filamu. VLC, kwa mfano, huisogeza sauti mbele au nyuma kwa hatua za milisekunde 50. Amplifaya ya kawaida ya stereo haina chochote cha namna hiyo, na king'amuzi mara nyingi hakina pia. Aliye na vifaa hivyo viwili tu atalazimika kuiweka projekta katika hali ya michezo ili picha iwahi, na kama hilo halitoshi, kupitisha sauti kwenye projekta huwa ndiyo suluhisho. Projekta inayojua imeichelewesha picha kwa kiasi gani kwa kawaida huichelewesha na sauti inayoitoa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo midomo na maneno hubaki pamoja. Kwa mtu huyu njia ninayoiona kuwa dhaifu ndiyo inayomfaa.

Matundu ya projekta, moja baada ya jingine

Tundu linalopatikana kwenye projekta nyingi zaidi ni lile dogo la mviringo la milimita 3.5, lilelile la hedifoni. Waya wake una jeki ya stereo upande mmoja na vichwa viwili vya RCA upande wa pili, chekundu cha kulia na cheupe cha kushoto, navyo huingia kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa AUX, LINE, CD au TUNER. Majina hayo manne ni sawa kwa kazi hii. Tundu lisilofaa ni PHONO, kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya santuri: hukuza mawimbi madogo mno na kuinua besi kwa makusudi, na sauti ya projekta ikiingizwa humo itasikika imepasuka na kuvimba. Waya huu ni wa bei nafuu kuliko njia nyingine zote, unafanya kazi na amplifaya ya umri wowote, na kwa spika mbili sauti yake haina upungufu ambao mtazamaji wa kawaida angeutambua.

Matatizo yake ni mawili. La kwanza ni kwamba kiwango cha sauti cha tundu hilo mara nyingi hufuata rimoti ya projekta. Ukikiacha chini na kuikaza amplifaya, utakuza pia mchakacho wa mashine. Ukikipandisha hadi mwisho, huenda sauti ikakwaruza. Afadhali kukiweka kwenye robo tatu hivi, kukiacha hapo, na kutumia kitufe cha amplifaya peke yake. Tatizo la pili ni mvumo. Projekta ikichomekwa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye nyingine ya mbali, na kama vyote vimeunganishwa na ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini, waya wa sauti hufunga mzunguko kati yao na mkondo mdogo wa umeme hupita humo. Hapo spika hutoa mvumo mzito usiokoma, wa masafa ya umeme wa nyumba, yaani hezi 50 au 60, au maradufu yake. Kuvichomeka vifaa vyote kwenye soketi moja mara nyingi hutosha. Pasipotosha, transfoma ndogo ya kutenganisha sauti huwekwa katikati ya waya. Kinachofanywa na baadhi ya watu, yaani kukata pini ya ethi, huondoa mvumo pamoja na kinga dhidi ya kupigwa na umeme, na hakipaswi kufanywa.

Projekta za daraja la kati na la juu wakati mwingine huwa na tundu la mwanga, linaloitwa pia TOSLINK kwa sababu asili yake ni kampuni ya Toshiba, iliyolianzisha mwaka 1983. Hapa sauti husafiri kama miale myekundu ndani ya uzi wa plastiki, na kwa kuwa hakuna shaba inayounganisha vifaa viwili, mvumo nilioueleza hauwezi kuvuka. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipendelea kuliko jeki pale projekta na amplifaya zinapotumia soketi tofauti. Kebo hii hubeba stereo isiyobanwa, au chaneli sita zilizobanwa kwa Dolby Digital au DTS, lakini haibebi miundo mikubwa isiyopoteza kitu kama Dolby TrueHD. Isikunjwe kwa kona kali, na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake viondolewe kabla ya kuichomeka. Ni ajabu ni mara ngapi ukimya unaosumbua jioni nzima huwa umesababishwa na kifuniko hicho kinachopitisha mwanga nusunusu.

Amplifaya isiyo na tundu la mwanga huhitaji kisanduku cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi, kijulikanacho kama DAC, ambacho hutoa nyaya za RCA. Visanduku vya bei ndogo hufahamu PCM tu, yaani sauti isiyobanwa. Projekta au king'amuzi kikiachwa kipeleke Dolby, kisanduku kitanyamaza au kitatoa kelele kama ya redio isiyoshika stesheni, na mtu atadhani amenunua kibovu. Tiba yake iko kwenye menyu ya sauti ya chanzo: chagua PCM au stereo.

HDMI yenye ARC ni jambo la aina nyingine kabisa. Kwa kawaida kebo ya HDMI hupeleka sauti upande mmoja, lakini toleo la 1.4 la mwaka 2009 liliongeza mkondo wa kurudi, ndio ARC, kwa hiyo kebo ileile inayoleta picha kutoka kwenye risiva huweza kurudisha sauti ya programu zilizomo ndani ya projekta. Mkondo huo ni mwembamba na uwezo wake unakaribiana na wa tundu la mwanga, ingawa huweza pia kubeba Dolby Digital Plus, muundo unaotumiwa sana na huduma za filamu za intaneti. Mwaka 2017 toleo la 2.1 lilileta eARC, yenye upana wa hadi megabiti 37 kwa sekunde, ambayo hubeba TrueHD na DTS-HD kikamilifu na pia hupatanisha yenyewe muda wa sauti na picha. Ikiwa projekta na risiva zote zina uwezo huu, sioni sababu ya kutafuta njia nyingine: vyanzo vya nje huingia kwenye risiva, programu za ndani hurudi kwa kebo hiyohiyo, na hakuna waya wa pili. Masharti yake yasisahaulike, hata hivyo. Ni tundu moja tu kati ya yale ya projekta lenye uwezo huo, nalo huandikwa ARC. Kwenye risiva kebo huingia tundu la kutolea picha, si la kuingizia. Na mawasiliano ya CEC, ambayo vifaa hupeana amri kupitia kebo ya HDMI, yanapaswa kuwashwa pande zote mbili. Projekta nyingi, zikiwemo za bei kubwa, hazina ARC kabisa, kwa hiyo usidhani ipo kwa sababu tu umeona tundu la HDMI.

Kuna pia kisanduku cha kutenganisha sauti kutoka kwenye HDMI, ambacho huwekwa kati ya chanzo na projekta na kutoa sauti kwa RCA au kwa mwanga. Kinamfaa mwenye chanzo kisicho na tundu lolote la sauti na amplifaya isiyo na HDMI, na kwa jozi hiyo hakuna mbadala mzuri zaidi. Lakini kiangaliwe kama kinaweza kupitisha ubora wa picha unaotumia na ulinzi wa HDCP, unaozuia filamu kunakiliwa, wa toleo husika, ambao kwa filamu nyingi za 4K ni 2.2; kisichoufahamu huacha skrini nyeusi. Ni kiungo kimoja zaidi kinachohitaji umeme, na mara kwa mara ndicho cha kwanza kuzimwa na kuwashwa tena pale mambo yanapokwama.

Bluetooth nimeiacha mwisho kwa makusudi. Haina waya, huungana kwa dakika moja, na kwa muziki haina ubaya. Kwa filamu, kubana sauti, kuirusha na kuifungua huchukua muda, na kwa mbinu ya kawaida ya kubana sauti, iitwayo SBC, muda huo hufika milisekunde 150 hadi 250, ambao kwa sehemu kubwa umevuka mpaka wa ITU nilioutaja. Sauti hapa huchelewa, si kutangulia, kwa hiyo mpangilio wa kuichelewesha hausaidii. Ni picha ambayo ingepaswa kungoja, na projekta chache huruhusu hivyo. Programu zilizomo ndani ya projekta zinaweza kufidia pengo hilo zenyewe, lakini picha inayoingia kwa HDMI kwa kawaida haifidiwi. Mbinu ya aptX Low Latency hushuka hadi 40 hivi, lakini lazima iwepo pande zote mbili, katika projekta na katika kipokezi cha amplifaya; ikikosekana upande mmoja, vifaa hurudi kimyakimya kwenye mbinu ya kawaida. Kwa anayecheza michezo ya kompyuta, Bluetooth isifikiriwe.

Urefu wa kebo ya picha

Anayechagua risiva katikati ameondoa safari ya waya wa sauti, lakini amebaki na kebo ndefu ya HDMI kutoka mbele hadi kwenye projekta, na urefu huo una mipaka. Kwa picha ya 1080p, kebo nzuri ya shaba huweza kufika mita 10 na zaidi bila shida. Kwa 4K ya fremu 60 kwa sekunde, yenye hadi gigabiti 18 kwa sekunde, shaba ya kawaida huanza kuyumba ikivuka mita 5 hivi, na dalili yake ni vimulimuli au picha kukatika kwa sekunde moja moja. Kwa umbali mkubwa zaidi hutumika kebo ya HDMI yenye nyuzi za mwanga ndani yake. Kebo hiyo ina upande wa chanzo na upande wa skrini, ikigeuzwa haifanyi kazi, na si zote zinazopitisha ARC, jambo ambalo ni vizuri kulithibitisha kabla ya kuipitisha ndani ya ukuta.

Waya wa jeki wenye urefu kama huo hauna masharti makali. Mita 10 za waya wenye kinga nzuri dhidi ya mwingiliano hufanya kazi, mradi usilazwe sambamba na nyaya za umeme kwa umbali mrefu.

Nani achukue ipi

Mwenye kompyuta na amplifaya ya stereo asiguse tundu la projekta. Atoe waya wa jeki kwenye kompyuta, achague tundu hilo kwenye mipangilio ya sauti, kwa sababu kompyuta ikiona HDMI huhamishia sauti huko yenyewe, kisha arekebishe midomo kwa programu ya kuchezea filamu. Mwenye king'amuzi chenye tundu la mwanga na amplifaya yenye tundu kama hilo aunganishe moja kwa moja, na aende kwenye jeki ya projekta pale tu anapoona midomo imebaki nyuma.

Mwenye projekta yenye programu zake, asiye na chanzo kingine, atumie ARC akiwa nayo, mwanga akikosa ARC, na jeki akikosa vyote viwili. Kama hana amplifaya bado, spika zenye amplifaya ndani yake ni chaguo lisilostahili kudharauliwa, kwa kuwa huingiza jeki moja kwa moja. Spika za kawaida zisizo na amplifaya haziwezi kuendeshwa na projekta, kwani mawimbi yanayotoka kwenye tundu lake ni dhaifu mno kwa kazi hiyo.

Anayenunua vyote kwa mara moja, na mwenye nia ya spika tano au zaidi, anunue risiva ya AV kwanza na projekta baadaye, na kati ya projekta mbili zilizolingana kwa picha achukue ile yenye eARC. Spika ya katikati iwekwe chini tu ya skrini, au nyuma yake ikiwa skrini ni ya kitambaa kinachopitisha sauti, na za kulia na kushoto zikae kwenye usawa wa masikio ya aliyeketi. Nyaya za spika ziheshimu alama nyekundu na nyeusi pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na sauti za watu huonekana kutokuwa na mahali, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoonyesha kosa liko wapi.

Kabla ya kutoboa ukuta au kupigilia mifereji ya nyaya, kebo zote zilazwe sakafuni kwa jioni moja na itazamwe filamu nzima yenye mazungumzo mengi. Mvumo wa ethi, picha inayokatika na midomo isiyolingana hujitokeza ndani ya saa hizo mbili, wakati bado inawezekana kubadili njia bila kubomoa kitu.